Begi Mgongoni: Dawa Ziende Mkononi



Toleo hili linatoka katika wiki ambazo nusu ya chama inatafuta tiketi za Julai na nusu nyingine inasikiliza wazazi wakilalamika kwamba tiketi zimepanda. Basi mara hii Begi Mgongoni inaweka kando habari za daladala na bei za vyumba, na inazungumzia kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho begini na hakitaji: dawa. Tulipoulizana Alhamisi chumbani kwetu, pumu ilikuwemo, kisukari kilikuwemo, kifafa, sikoseli, na vidonge vya uzazi wa mpango vinavyosafiri ndani ya soksi ili mama asivione. Hata yule asiyeumwa chochote alikwisha kubebeshwa dawa za mtu mwingine.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na walimu wanatusoma. Dawa kwetu ni neno pana mno. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kikohozi, na ile anayokupa bibi ya kuondoa kijicho. Kiingereza cha uwanja wa ndege nacho kina neno moja linaloweza kuwa dawa za hospitali au dawa za kulevya, na afisa akiuliza kwa neno hilo, mzazi aliyejifunza Kiingereza ukubwani anajibu kwa moyo mweupe: ndiyo, ninazo nyingi. Mama wa mwenzetu mmoja alijibu hivyo hivyo. Akawekwa pembeni, mkoba wote ukamwagwa mezani: Panadol, Vicks, mafuta ya habasoda. Aliyemtoa pale ni binti yake wa miaka kumi na tatu, aliyesogea akafafanua. Wengi wetu tumekuwa wakalimani wa namna hiyo tangu utotoni, ndiyo maana tunaona ukurasa huu ni wetu kuuandika.

Sasa jambo lenyewe. Mwenzetu wa mwaka wa pili ana sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika wengine siku hizi. Ametupa ruhusa tuandike ila bila jina. Mwaka jana alikuwa anakwenda Unguja kwenye harusi ya dada yake, na njiani alale siku mbili Sharjah kwa shangazi yake. Mwenye sikoseli maumivu yakimjia hayamngoji atafute famasi. Seli nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo ya damu, na mtu mzima analia kwa maumivu ya mifupa. Baridi, kiu, uchovu na upungufu wa oksijeni huyachochea, na ndege inavyo vyote vinne: kiyoyozi kikali, hewa kavu, usiku usio na usingizi, na hewa ya ndani inayowekwa kama ya mahali penye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi, ambapo ni juu kuliko Nairobi. Kwa hiyo hospitali imempa akiba ya kukaa nayo: vidonge vya kodeini, na mofini ya maji kwa siku ambayo kodeini imeshindwa.

Kodeini hapa Uingereza tumeizoea. Vidonge vya parasetamoli vilivyochanganywa na kodeini kidogo unanunua famasi bila cheti cha daktari, pakiti isiyozidi vidonge 32. Ukifika Ghuba, dawa ile ile imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Imarati na Qatar hazitazami kwamba uliinunua kihalali London. Zinatazama una karatasi gani. Tramadoli, diazepamu na mofini zimo humo humo, pamoja na baadhi ya dawa wanazopewa wenzetu wenye ADHD ili waweze kutulia na kusoma.

Mashauri ya familia yakaja haraka. Mama akasema, "Usibebe mwanangu, utapata huko huko." Shangazi kwenye simu kutoka Sharjah akasema, "Vitie kwenye chupa ya vitamini, nani atajua?" Mjomba akamwambia anywe maji mengi na amtegemee Mungu. Hilo la maji, tukubali, ni sahihi kabisa. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Wazee wetu wamevuka mipaka mingi na wamejifunza kwamba afisa akikuona na karatasi nyingi ndipo anapoanza kukuuliza maswali. Lakini mashauri yale mawili ya kwanza yangemfikisha pabaya. Mofini haiuzwi kila duka la dawa, na kuitafuta usiku wa manane katika mji ambao hujui daktari wake ni mateso juu ya mateso. Na ile ya chupa ya vitamini ndiyo mbaya zaidi: mgonjwa mwenye haki ya dawa yake anageuka mtu aliyeficha dawa. Ukiitoa dawa kwenye kasha lake lenye jina lako, umeinyang'anya ushahidi wake wote.

Alifanya hivi. Wiki sita kabla ya safari alikwenda kwa daktari wake wa mtaani akaomba barua. Madaktari wengi hutoza ada kwa barua ya aina hii, kwa hiyo ulizeni bei mapema, msije mkashtukia kaunta. Barua ilitaja ugonjwa, jina la kila dawa, nguvu yake kwa miligramu, kiasi cha kutumia kwa siku, na idadi anayosafiri nayo. Ilitaja pia jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, na hapa tunasisitiza kwa sababu sisi ni watu wa majina matatu manne. Hospitalini ameandikishwa kwa jina la baba, pasipoti ina jina la babu, na famasi imekata jina nusu ili litoshe kwenye kibandiko. Barua ya kwanza ilibidi irudishwe kwa ajili hiyo tu.

Kisha kibali. Mamlaka za Imarati zinapokea maombi mtandaoni kutoka kwa msafiri anayeingia na dawa zinazodhibitiwa kwa matumizi yake mwenyewe. Wanataka cheti cha daktari, ripoti ya ugonjwa na nakala ya pasipoti. Tulikaa naye watatu mbele ya kompyuta ya chama, na ile nakala ya pasipoti ikakataa kupanda mara nne kwa kuwa picha ilikuwa kubwa mno. Kibali kilikuja kwa barua pepe. Akachapisha nakala mbili, moja ndani ya pasipoti na moja kwenye mkoba wa dawa.

Alipofika, afisa alisoma karatasi, akahesabu vidonge, akauliza harusi ni ya nani, akampitisha. Hakuna kisa cha kusimulia pale, na ndivyo tunavyotaka. Kisa kilikuwa Unguja, usiku wa kuamkia harusi, maumivu yalipomjia. Mkoba ulikuwa chini ya kitanda. Alikosa ngoma ya usiku ule, na kesho yake aliiona harusi akiwa amekaa kitini na shali mabegani, lakini aliiona.

Swali tunaloulizwa sana ni la wanaopita tu: nabadilisha ndege Doha au Dubai, sitoki uwanjani, inanihusu? Sisi tunajibu kwamba uliza ubalozi wa nchi hiyo kabla ya safari, hata kama unapita tu. Watu wamewahi kukamatwa Dubai wakiwa safarini kwenda kwingine. Halafu kuna kuchelewa. Ndege ya pili ikiahirishwa hadi kesho na shirika likakupeleka hotelini, umeingia nchini na mkoba wako, ulitaka au hukutaka. Upande wa Uingereza wenyewe, anayesafiri na dawa zinazodhibitiwa anatakiwa awe na uthibitisho wa daktari, na zikizidi za miezi mitatu anahitaji leseni maalumu ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa nchi nyingine, Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyoko Vienna imekusanya kanuni za nchi mbalimbali kwa ajili ya wasafiri wagonjwa. Ukurasa wao haupendezi kusoma, ila una manufaa.

Hadi hapa tumesema juu ya dawa zako. Tugeukie zile zisizo zako, na hapa ndipo sisi wa safu hii tuna msimamo mkali kuliko wazazi wetu.

Oktoba 2017 mwanamke mmoja wa Uingereza alikamatwa uwanja wa ndege wa Hurghada, Misri, akiwa na vidonge 290 vya tramadoli. Alisema alikuwa anampelekea mwenzi wake Mmisri aliyekuwa na maumivu ya mgongo, na kwamba hakujua dawa hiyo ni haramu kule. Desemba mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akaachiliwa Januari 2019. Tramadoli imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa hata hapa Uingereza tangu 2014, ingawa kwa cheti cha daktari inatolewa kila siku. Yule mama hakuwa mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Alikuwa mtu anayekwenda kumwona mpenzi wake na begi lenye vitu vya kawaida, na tunaposoma habari yake tunaona mabegi yetu wenyewe.

Maana nani kati yetu hajaambiwa, "Wewe si unakwenda? Nibebee hiki kidogo tu"? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na anayekupa kifurushi siku zote anakiona chepesi. Begi limefungwa, kesho ni safari, mlango unagongwa, na mama mkubwa ameleta mfuko wa dawa za presha za mumewe marehemu, "zimebaki, mpelekee babu yako." Humo mna amlodipini, mna vidonge vyeupe visivyo na kasha, mna kitu cha usingizi. Babu ana presha kweli. Na mama mkubwa huwezi kumwambia hapana kavu kavu. Si katika nyumba zetu.

Tulikaa tukatafuta maneno, na hii imekuwa kazi ya lugha kuliko ya afya. Wale waliolelewa Kiingereza zaidi huwa wanakurupuka na "siwezi," neno ambalo kwa mzee linatua kama kofi. Mwalimu wetu mmoja alitusaidia kuona kwamba kwanza unapokea, kisha unaeleza, kisha unatoa njia nyingine. Kitu kama: "Ahsante mama mkubwa, umemkumbuka babu. Naomba radhi, dawa isiyo na jina langu uwanjani watanizuia, na watamnyima babu pia. Nipe jina la dawa anayotumia nimnunulie nikifika." Aliyejaribu maneno haya aliombewa dua. Mwingine aliambiwa kwamba watoto wa Ulaya wameharibika, lakini mfuko ulibaki Leicester.

Na hiyo njia nyingine si maneno matupu. Amlodipini, losartani, metformini, hizi zinauzwa Dar, Mombasa na Bujumbura kwa majina hayo hayo, kwa sababu hilo ni jina la dawa yenyewe. Jina kubwa linalong'aa kwenye kasha ni la kampuni, na hilo hubadilika kila nchi. Anayekwenda au kutoka Marekani ajue kwamba hata jina la dawa yenyewe linaweza kubadilika: salbutamoli yetu ya pumu kule ni albuteroli, na parasetamoli ni asetaminofeni. Piga picha kasha la babu kwa simu, peleka picha famasi ya kule, na nauli ya begi la ziada mpe babu mkononi.

Mambo ya ukaguzi tutayapitia upesi. Dawa zako ziende kwenye begi la mkononi, zote. Begi la chini hupotea, na insulini ikiganda kule chini imeharibika hata kama kwa macho inaonekana nzima. Sheria ya mililita 100 iliyokuja baada ya Agosti 2006 haizuii dawa ya maji unayoihitaji safarini. Chupa kubwa zaidi inaruhusiwa ukiwa na uthibitisho wa daktari, ila itoe begini na uitaje kabla ya kuulizwa. Viwanja vingine vya Uingereza vina mashine mpya zinazokubali chupa kubwa kwa kila mtu, lakini usisahau kwamba unarudi kupitia uwanja mwingine. Pampu ya insulini na kile kitambuzi cha sukari kinachobandikwa mkononi, baadhi ya watengenezaji wanasema visipite kwenye mashine ya eksirei. Mwombe afisa akague kwa mkono. Na dawa usizitie kwenye mfuko wa plastiki wa dukani: Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania bara 2019.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, lakini chumba kinachosemwa hapo si chumba cha Mwembeladu mwezi wa Februari. Mwenzetu mwenye kisukari anatumia kile kifuko cha kuloweka maji, kinachopoa kadiri maji yanavyokauka. Bibi yake alikitazama, akacheka, akamwonyesha mtungi.

Saa inastahili kusemwa zaidi. Kati ya London na Afrika Mashariki kuna tofauti ya saa mbili wakati wa kiangazi cha hapa na tatu wakati wa baridi, kwa hiyo kidonge cha kifafa unachomeza hapa asubuhi mapema, kule unakimeza jua limeshapanda. Zungumza na famasia kabla ya safari kama uendelee na saa za hapa au usogeze kidogo kidogo. Wenye vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni moja waulize zaidi, maana vingine vinataka visicheleweshwe hata masaa matatu. Lakini hatari kubwa ni ya ndani ya lugha yetu. Kibandiko cha hapa kinasema 8, wewe umelala na homa, na anayekupa dawa ni shangazi. Anasoma nane, na saa nane kwake ni baada ya adhuhuri. Dawa imechelewa masaa sita na kila mtu amefanya alichoelewa. Andika kwa maneno, "saa mbili asubuhi, saa mbili usiku," ubandike juu ya kasha.

Kinyume chake nacho kipo. Ukinunua dawa Tanzania utapewa bahasha ndogo imeandikwa 1 x 3. Hiyo ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Wawili kati yetu tulidhani ni kidonge kimoja kwa siku tatu, na mmoja alidhani ni bei. Kutwa, walimu wametueleza, imetokana na kuchwa kwa jua, kwa hiyo neno hilo lina mchana mzima ndani yake. Ndugu zetu wenye asili ya Kenya wanasema zaidi mara tatu kwa siku, nasi tumeyakubali yote mawili.

La malaria ni fupi. Wagonjwa wengi wa malaria wanaogunduliwa Uingereza ni watu waliokwenda kutembelea ndugu zao, yaani sisi. Kinga ya mwenyeji hatuna, hata kama pilau tunaijua. Kuna vidonge vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kurudi, na kuna vinavyotaka wiki nne baada ya kurudi. Vya wiki nne ndivyo watu huacha katikati, muhula ukishaanza. Mwenye sikoseli asisafiri bila kuzungumza na daktari juu ya hili.

Limebaki begi la kurudi. Bibi hakuachi uondoke mikono mitupu, na kati ya anavyokupa mna chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha kahawia na kufungwa kwa kitambaa. Ile haina cheti, haina kibandiko, inazidi mililita 100, na afisa hana cha kusoma. Itabaki pale uwanjani. Tulichoanza kufanya ni kumwomba bibi atuonyeshe mti wenyewe na kutuambia jina lake, unatumika jani au mzizi, unachemshwa kiasi gani, na kwa ugonjwa gani. Mwarobaini na mkunazi tumeshaandika. Kuna miti mingine mitatu ambayo tuna picha zake na majina ya Kipemba tuliyoyasikia kwa simu, hatuna hakika ya tahajia. Mwenye jamaa Wete au Mkoani atusaidie kabla ya toleo lijalo.